Mabingwa wa Topeni, Kuanzia Mlola

Chota tope la kijito chini ya mashamba ya Mlola, milimani Usambara, lisuuze kwenye chujio la chai, na huenda ukaambulia nyuzi nyekundu zinazojikunjakunja. Ni minyoo aina ya Tubifex, jamaa wa nyungunyungu, ila hawa huishi majini.

Kwa kustahimili ukosefu wa oksijeni, Tubifex ana wapinzani wachache: kichwa topeni, mkia juu ukipepea, himoglobini ikinasa oksijeni kidogo iliyopo. Penye maji taka, samaki huhama, yeye hubaki. Akikutana na metali, ubabe huo hupungua sana.

Wauaji wake wakali zaidi ni zebaki na shaba. Kadimi hufuata, zinki iko nyuma. Zebaki ni balaa la wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita. Sisi wa Usambara tuiangalie shaba, maana mrututu na baadhi ya dawa za ukungu wa nyanya zina shaba. Tena shaba huua haraka zaidi katika maji yasiyo na chokaa, na vijito vya miamba mikongwe mara nyingi ndivyo vilivyo.

Tuzo ya urithi mbaya naipa Kilembe, Uganda. Uchimbaji wa shaba ulikoma miaka ya 1980, lakini mabaki yake yaliendelea kusombwa na mvua kuelekea Ziwa George.

Tuzo ya kujitoa mhanga ni ya Tubifex mwenyewe: akizidiwa na shaba, huukata mkia wake na kuutupa pamoja na sehemu ya sumu.

Rekodi ya kasi ya kujenga usugu, hata hivyo, iko mbali na hapa: Foundry Cove, kando ya Mto Hudson, New York. Kiwanda cha betri kilichofunguliwa huko miaka ya 1950 kilimwaga tani nyingi za taka zenye kadimi na nikeli. Mnyoo mwingine, Limnodrilus hoffmeisteri, akajenga usugu ndani ya vizazi vichache tu, akiifungia kadimi mwilini kwenye chembe ndogo. Watu hushangilia hapo, mimi sishangilii. Mnyoo asiyekufa ni sumu inayotembea: kamba wadogo waliolishwa minyoo yenye kadimi maabara wakawa wazito kukamata windo.

Tope la Foundry Cove lilisafishwa 1994 na 1995. Vizazi 9 hadi 18 baadaye, watafiti walikuta usugu ule umeyeyuka.