Shule za Kati za Louisville: Nani Yumo Ndani ya Wastani? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia mwaka 2007, pale Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba wilaya ya shule ya Jefferson, yaani jiji la Louisville na vitongoji vyake katika jimbo la Kentucky, isiwapangie watoto shule kwa kutazama rangi ya mtoto mmoja mmoja. Hadi wakati huo wilaya ilitaka wanafunzi weusi katika shule zake nyingi wasipungue asilimia 15 wala wasizidi 50. Leo tunaingia ndani ya shule za kati, darasa la 6 hadi la 8. Mtoto huingia akiwa na miaka 11 hivi na hutoka na 14, umri ambao mwalimu yeyote atakwambia ndio mgumu kuliko yote.

Kentucky huipa kila shule rangi: nyekundu kwa zilizo mkiani, kisha rangi ya chungwa, njano, kijani, hadi buluu kwa zilizo kileleni. Mzazi anayetafuta nyumba ya kununua hutazama rangi hiyo kabla hata hajauliza bei. Sehemu kubwa ya rangi hutokana na mitihani ya jimbo, ambayo humweka kila mtoto katika ngazi moja kati ya nne. Wanaofikia ngazi mbili za juu ndio huhesabiwa kuwa wamefaulu.

Sasa tazama shule ya Meyzeek. Ipo Smoketown, mtaa wa kale wa watu weusi karibu na katikati ya jiji, na imepewa jina la Albert Meyzeek, mwalimu mweusi aliyepigania haki za elimu mjini humo. Ina mchepuo wa hisabati, sayansi na teknolojia unaovuta watoto kutoka kila pembe ya wilaya, na inapokea pia watoto wa mitaa iliyo karibu. Jengo ni moja na kengele ni moja, lakini ukiambiwa wastani wa ufaulu wa Meyzeek, umeambiwa habari za shule mbili zilizochanganywa kwenye sufuria moja.

Wastani una ujanja mwingine, mbaya zaidi. Chukua mfano wa kubuni. Shule ina watoto 100. Kati yao 80 wamekua na Kiingereza, na 48 wamefaulu, sawa na asilimia 60. Wengine 20 bado wanajifunza lugha hiyo, na wawili wamefaulu, asilimia 10. Jumla, shule imepata 50 kwa mia. Mwaka unaofuata familia za wakimbizi zimehamia mtaani, na sasa makundi ni 50 kwa 50. Walimu wamejitahidi: kundi la kwanza limepanda hadi asilimia 64, watoto 32, la pili limepanda hadi 14, watoto 7. Jumlisha: 39. Kila kundi limefanya vizuri kuliko mwaka jana, na shule imeporomoka kwa pointi 11!

Tangu 2023 rangi za Kentucky huzingatia pia mabadiliko ya mwaka hadi mwaka, jambo linaloonekana la haki. Lakini alama za mwaka huu hulinganishwa na za mwaka jana wa shule ileile, si za watoto walewale. Kwa hiyo shule ya mfano wetu ingeadhibiwa mara mbili.

Kwa msomaji wa Kiswahili hili haliko mbali. Lugha yetu ni miongoni mwa zinazozungumzwa zaidi majumbani mwa wanafunzi wa Louisville baada ya Kiingereza na Kihispania, na wasemaji wengi ni familia za Wakongo. Mfikirie mtoto wa miaka 13 aliyetoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Kule alisoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Nyumbani baba na mama huzungumza Kibembe wao kwa wao, na Kiswahili na majirani. Siku ya kuandikishwa, fomu inauliza lugha ya nyumbani, inaandikwa Kiswahili. Inauliza asili, anaingia safu moja na mtoto ambaye mababu zake wamekuwa Kentucky tangu enzi za utumwa. Kisha anapangiwa darasa kwa umri wake, na hesabu anazozijua vizuri zinamjia zikiwa zimevikwa aya nzima ya Kiingereza kuhusu kuponi za dukani. Akikosa, ripoti itasema hajui asilimia.

Sheria ya shirikisho inaruhusu matokeo yake ya kusoma yasihesabiwe dhidi ya shule katika mwaka wake wa kwanza nchini. Mwaka wa pili hakuna msamaha huo. Na kundi la wanaojifunza Kiingereza lina kasoro ya kimaumbile: mtoto akishakijua Kiingereza hutoka humo, ingawa matokeo yake yanaweza kuendelea kuhesabiwa pamoja na ya kundi kwa miaka michache, na nafasi yake huchukuliwa na mgeni. Kushangaa kwamba alama za wanaojifunza Kiingereza haziko juu ni kama kushangaa kwamba wodini kuna wagonjwa.

Kuna kipimo kingine. Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford alikusanya matokeo ya mitihani ya wilaya za Marekani nzima, akauliza watoto wa darasa la 3 walipofika la 8 walikuwa wamesonga umbali gani. Chicago, jiji ambalo wengi walikwisha kulikatia tamaa, watoto walijifunza masomo ya takriban miaka 6 ndani ya miaka 5. Wastani wa alama, alionyesha, hufuatana sana na kipato cha wazazi. Kasi ya kujifunza hufuatana nacho kidogo tu. Binafsi naona kasi hiyo ndiyo ingestahili kupakwa rangi.

Wakati huohuo, wilaya ya Jefferson imebadili tena ramani ya kuwapangia watoto shule. Mpango uliopitishwa Juni 2022 uliwapa watoto wa magharibi mwa jiji, wengi wao weusi, haki ya kuchagua shule ya kati iliyo karibu badala ya kusafirishwa mbali kama ilivyokuwa tangu 1975. Siku ya kwanza ya muhula, Agosti 2023, mabasi yalivurugika hata watoto wengine wakafika kwao karibu saa nne usiku, na shule zikafungwa kwa zaidi ya wiki. Tutaanzia kwenye mabasi hayo wiki ijayo.