Mlima, Mtoto na Taifa: Maadili ya Kisiasa katika Katuni ya Akili and Me

Makala haya yanafafanua ujumbe wa kisiasa katika Akili and Me, katuni ya watoto wadogo inayotayarishwa na Ubongo, shirika lisilolenga faida lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013. Mhusika mkuu, Akili, ni msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Kila alalapo huingia Lala Land, ambako hujifunza herufi, namba na sanaa pamoja na wanyama marafiki zake. Mandhari hayo yana historia ya kisiasa: Desemba 1961 Alexander Nyirenda aliusimika Mwenge wa Uhuru kileleni mwa mlima huo. Mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea ya Nyerere iliyafungamanisha maarifa na kazi ya pamoja, hususan shambani. Katika katuni hii, maarifa huanzia kwenye udadisi wa mtoto wa kike. Kwa mtoto wa Majengo, Moshi, mlima ni jirani. Anachoonyeshwa ni kwamba naye anastahili kuuliza. Makala yanahitimisha kwamba katuni inaukuza usawa wa kijinsia waziwazi, ilhali wajibu kwa jamii, uliokuwa kiini cha falsafa ya 1967, umesogezwa kutoka kijijini hadi kwenye familia na urafiki.