Kudhibiti, Kuthibitisha na Kukubali: Istilahi za Kubadili Mfumo Endeshi

Mfasiri anayepewa maelekezo ya kuweka mfumo endeshi mwingine katika kompyuta mpakato hukutana mapema na tatizo la istilahi. Dhana zilizo mbalimbali aghalabu huitwa kwa jina moja tu, "programu", na vitendo vilivyo mbalimbali huelezwa kwa kitenzi kimoja. Kosa hilo huonekana dogo mpaka msomaji afuatapo maelekezo hayo na kupoteza faili zake zote. Makala hii inakusudia kuzitenganisha dhana hizo kwa mfano wa mashine ziitwazo Chromebook.

Chromebook za kwanza kuuzwa, mwaka 2011, zilitengenezwa na Samsung na Acer. Mfumo wake endeshi ni ChromeOS wa Google, ambao hupatiwa masahihisho kwa muda maalumu tu. Muda huo ukiisha, mashine yenyewe huenda ikawa bado nzima, na mwenyewe akatamani kuiwekea mfumo mwingine, kama vile Linux.

Hapo hana budi kuzijua sehemu tatu. Ya kwanza ni maunzi, yaani vyombo vinavyoshikika. Ya pili ni mfumo endeshi, unaozisimamia programu nyingine. Ya tatu ni maagizo yaliyohifadhiwa katika chipu, ambayo hutangulia kufanya kazi mashine iwashwapo. Kwa Kiingereza, Ascher Opler ndiye aliyeipa dhana hii jina mwaka 1967, kwa maana finyu kuliko ya leo, akilijenga juu ya neno lenye maana ya "imara". Istilahi ya Kiswahili, "programu dhibiti", hutaja kazi badala ya uimara.

Programu dhibiti ya Chromebook hutegemea coreboot, mradi ulioanza mwaka 1999 kwa jina jingine. Kabla ya kuuruhusu mfumo endeshi uanze, huuthibitisha, yaani huukagua kuhakikisha kwamba haukubadilishwa. Kudhibiti na kuthibitisha ni maneno yenye asili ya Kiarabu, kila moja na mzizi wake. Yasichanganywe kwa sababu ya kufanana kwa sauti.

Lakini hatari kubwa zaidi imo katika neno "kuthibitisha" lenyewe. Ili kuweka mfumo mwingine, mtumiaji huizima kwanza kinga hiyo ya ukaguzi, na kitendo hicho hufuta faili zilizomo. Kwa hiyo yampasa azinakili mahali pengine kabla ya kuanza. Tangu hapo, kila mashine iwashwapo huonyesha onyo. Katika mashine nyingi za miaka ya mwanzo, aliyebonyeza kitufe cha nafasi, kisha akakubali, alirudisha ukaguzi, na faili zikafutwa tena. Sasa, mfasiri akiandika "bonyeza kitufe hiki kuthibitisha", msomaji ataelewa nini? Atadhani anaulizwa kama ameliona onyo, naye atabonyeza kwa moyo mweupe.

Anayetaka kuibadili programu dhibiti yenyewe hukabiliwa na kinga nyingine, inayozuia chipu isiandikwe upya. Katika mashine nyingi za zamani kinga hiyo ilikuwa skrubu moja ndani ya mashine. Baada ya kuiondoa, yafaa aihifadhi kwanza nakala ya programu dhibiti ya awali, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine huenda isiwake tena.

Kwa hiyo twapendekeza haya. "Programu dhibiti" isifupishwe kuwa "programu". "Kuthibitisha" kutumike kwa kazi ya mashine ya kukagua uhalali wa mfumo. Mtumiaji anaporidhia jambo, tuseme "kukubali". Na panapokuwa na hatari ya kupoteza faili, matokeo yatajwe waziwazi: "Ukibonyeza, faili zote zitafutwa." Istilahi njema humwezesha msomaji kujua atakalolitenda kabla hajalitenda.