Mshahara Pasipo Sauti

Husemwa mara kwa mara kwamba mwanamke akishapata kazi ya kiwandani na mshahara wake mwenyewe, basi amekwisha kuwa huru. Usemi huo una nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili ilionekana Savar, karibu na Dhaka, nchini Bangladesh.

Kwa miaka mingi mabinti wa vijijini katika nchi hiyo wamekwenda mjini kushona nguo zivaliwazo Ulaya na Marekani. Wengi walipata fedha zao wenyewe, wakawasaidia wazazi na wadogo zao, wakaheshimiwa nyumbani. Hayo ni maendeleo, wala hatuyabezi. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2013 kima cha chini cha mshahara wao kilikuwa taka 3,000 kwa mwezi, yaani kiasi cha dola 38 za Marekani.

Tarehe 23 Aprili mwaka huo nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, lenye ghorofa nane, ambalo ghorofa zake za juu zilijengwa bila kibali halali. Benki iliyokuwamo ikawaondoa watumishi wake. Washonaji, wengi wao wanawake, waliamriwa kurudi kesho yake; walionusurika walieleza kuwa walitishiwa kunyimwa mshahara. Asubuhi hiyo, kabla ya saa tatu, jengo likaanguka. Watu zaidi ya 1,100 wakafa.

Je, hawakujua hatari? Walijua. Walichokosa ni chama cha wafanyakazi, kwa maana hakikuwapo hata katika kiwanda kimoja cha jengo lile. Kila mmoja alisimama mlangoni peke yake, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwezi Mei 2013, vyama vya wafanyakazi vya kimataifa na makampuni ya nguo walitia sahihi mapatano ya usalama, ambamo mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kazi ya hatari. Haki hiyo ilikuja baada ya mazishi.

Ndugu wafanyakazi, tusingoje mazishi yetu. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Binti atokaye kijijini asionyeshwe cherehani tu. Aliyemtangulia kazini na amwonyeshe pia mlango wa chama, na wakubwa wa tawi wamsikilize asemapo kwamba ukuta umepasuka.