Sayansi ya Kuogelea: Mkao wa Mwili wa Mwanamichezo Chipukizi (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilihusu michezo ya nchi kavu. Majini hesabu hubadilika, kwa kuwa maji ni mazito kuliko hewa kwa takribani mara 800, na sehemu kubwa ya nguvu za mwogeleaji huishia katika kupambana na ukinzani, yaani kani ya maji inayomzuia kila anapojisukuma mbele. Mwaka 2009 Usain Bolt wa Jamaika alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, na mwaka huohuo César Cielo wa Brazili akaogelea mita 50 kwa sekunde 20.91. Zote mbili zilikuwa rekodi za dunia, lakini wa kwanza alikwenda kwa wastani wa mita 10.4 kwa sekunde na wa pili kwa mita 2.4 tu.

Ukinzani huo huongezeka upesi kuliko kasi yenyewe: kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani huwa karibu mara nne, na nguvu inayohitajika kila sekunde ili kuushinda huwa karibu mara nane. Ili kuupima kwa mtu anayeogelea, kazi ngumu kuliko kumvuta kwa kamba akiwa ametulia, watafiti wa chuo kikuu cha Vrije Universiteit mjini Amsterdam walibuni katika miaka ya 1980 mtambo wenye vibao vilivyofungwa kwenye nondo ndefu chini ya maji. Mwogeleaji, miguu yake ikiwa imeshikiliwa na boya, husukuma kibao kimoja baada ya kingine kwa viganja, na kipimo kilichounganishwa na nondo hiyo husoma kani ya kila msukumo. Tafiti za namna hiyo ziliwapa walimu wa kuogelea hoja nzito, kwamba mwogeleaji anayepunguza ukinzani hunufaika pengine kuliko anayeongeza misuli. Kichwa kikiinuliwa kupita kiasi nyonga huzama, mwili hukaa mshazari, na eneo linalokabiliana na maji hupanuka. Mavazi yaliyotengenezwa kwa poliyurethani, ambayo yaliubana mwili na kuusaidia kuelea, yalithibitisha jambo hilo mjini Rome mwaka 2009, pale rekodi 43 za dunia zilipovunjwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia, hata shirikisho la kimataifa likayapiga marufuku kuanzia Januari 1, 2010.

Kwa hiyo mkao wa mwili, yaani namna kichwa, mabega, uti wa mgongo na nyonga vinavyopangana, ni sehemu ya kasi yenyewe. Ugumu huanza pale mwili unaofunzwa mkao huo unapokuwa wa mtoto ambaye mifupa yake bado inakua. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa na umri wa miaka 12 hivi, na wavulana wakiwa na miaka 14 hivi, na huo ndio wakati ambao klabu nyingi huwaongezea saa za mazoezi.

Kwa miaka mingi madaktari katika nchi mbalimbali waliwaelekeza watoto wenye skoliosi, yaani uti wa mgongo uliopinda kuelekea kando, waende kuogelea, kwa imani kwamba maji huunyoosha mgongo. Utafiti uliochapishwa na wataalamu wa Italia mwaka 2015 uliitilia shaka imani hiyo. Waogeleaji chipukizi 112 wa mashindano walilinganishwa na wanafunzi 217 wa rika lao. Kila mtoto aliinama mbele huku mikono ikining'inia, na mpimaji akaweka mgongoni kifaa kidogo kinachoonyesha kama upande mmoja umeinuka kuliko mwingine. Waogeleaji ndio waliokutwa zaidi na migongo isiyolingana pande zote mbili na yenye kibiongo, na wasichana miongoni mwao walilalamikia zaidi maumivu ya kiuno. Matokeo hayo yasomwe kwa uangalifu, kwa kuwa kipimo kilichofanywa mara moja hakiwezi kuonyesha kipi kilitangulia, na huenda baadhi ya watoto hao walipelekwa bwawani kwa sababu migongo yao ilikuwa imekwisha kupinda. Hata hivyo, dai kwamba kuogelea pekee ni tiba ya mgongo haliwezi tena kutolewa kwa uhakika.

Kuhusu bega ushahidi ni mzito zaidi. Mwogeleaji wa mtindo huru anayesonga mita 2 kwa kila mzunguko wa mikono yote miwili, akiogelea kilomita 35 kwa wiki, huzungusha kila bega mara 17,500. Misuli ya kifua na ile mipana ya mgongo, ambayo huvuta mkono chini na ndani, huimarika kuliko misuli midogo inayoshikilia mfupa bapa wa bega kwa nyuma, na matokeo yake ni mabega yaliyojikunja mbele na shingo iliyochomoza. Katika mkao huo nafasi iliyo juu ya kiungo cha bega huweza kuwa finyu, na kano inayopita humo, ya msuli uitwao supraspinatasi, hubanwa. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2010 ulihusisha waogeleaji 80 wa kiwango cha juu, wenye umri wa miaka 13 hadi 25. Asilimia 91 waliripoti maumivu ya bega, na uharibifu wa kano hiyo uliambatana na wingi wa saa na kilomita za mazoezi.

Mwaka huohuo watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mkao huo hurekebishika. Waogeleaji wa chuo kikuu waliofanya kwa wiki 8 mazoezi ya nchi kavu ya kuimarisha misuli ya nyuma ya bega na kunyoosha ile ya kifua walipunguza kujikunja kwa mabega na kuchomoza kwa shingo. Mazoezi ya aina hiyo hayahitaji vifaa vya gharama. Mpira wa kuvuta na sakafu safi hutosha.

Walimu wa kuogelea na wazazi wanaombwa wawapime watoto mgongo na mabega kabla ya kila msimu, wawapunguzie kilomita katika miezi wanayorefuka kwa kasi, na wasimlazimishe kuendelea kuogelea mtoto anayesema bega linamuuma.