Unatafuta pa kujifunza dansi la wawili Singida? Anza na wazee

Umepangiwa kazi Singida. Chumba umepata, ofisini umezoeana na watu, kuku wa kienyeji umeshamla mpaka basi. Tatizo ni Jumamosi jioni.

Kwenye simu unaona video za watu wa Stockholm na Seoul wakicheza swing. Wanashikana wawili wawili, wanazunguka, wanacheka, wimbo ukiisha kila mtu anatafuta mwenza mwingine. Unatamani. Unaandika "darasa la swing Singida". Unaletewa Dar, Nairobi, mpaka London.

Ukweli ni kwamba usitegemee kukuta bango la shule ya swing pale stendi. Lakini kucheza wawili si jambo geni Tanzania, na njia ya kulipata katika mji mdogo ipo. Tuanze na dansi lenyewe.

Swing ni nini?

Ni familia ya madansi yaliyotokana na muziki wa jazi. Maarufu zaidi ni Lindy Hop, lililozaliwa na Wamarekani weusi wa Harlem, New York, mwishoni mwa miaka ya 1920.

Ukumbi wake mkuu uliitwa Savoy Ballroom, uliofunguliwa mwaka 1926. Wakati kumbi nyingi za Marekani zilibagua rangi, pale weusi na weupe walicheza kwenye sakafu moja.

Hatua zake za msingi huhesabiwa kwa mapigo sita au manane. Mmoja anaongoza, mwenzake anafuata, na hakuna mpangilio wa kukariri mwanzo hadi mwisho. Mnaelewana kwa mikono na uzito wa mwili, kama watu wawili wanaobeba meza moja kupita mlangoni.

Savoy ilifungwa mwaka 1958, na Lindy Hop ikakaribia kusahaulika. Mmoja wa nyota wake, Frankie Manning, alikuwa ameshaacha jukwaa na kuajiriwa posta. Miaka ya 1980 vijana kutoka Sweden na Marekani walianza kuwatafuta wachezaji wa zamani, wakamfikia. Mzee akarudi ulingoni, akafundisha nchi nyingi mpaka alipofariki mwaka 2009 akiwa na miaka 94.

Kwa hiyo dansi unalolitazama leo kwenye simu lipo kwa sababu kuna vijana waliokwenda kuwauliza wazee kabla hawajaondoka. Hilo likumbuke, tutalirudia.

Na sisi tulikuwa na letu

Tanganyika iliingia kwenye dansi miaka ileile. Kati ya miaka ya 1920 na 1930, vijana waliosoma, makarani na walimu, walianzisha klabu za dansi katika miji ya pwani, kisha bara. Walivaa suti na magauni, wakacheza walzi na foksitroti. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wanajeshi walirudi nyumbani, santuri za Kuba zikasambaa, na rumba na chacha zikachukua sakafu. Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944. Cuban Marimba ya Salum Abdallah, nayo ya Morogoro, ikafuata mwaka 1948.

Kwa mtu wa Singida, jirani wa kuangalia ni Tabora. Mji ule ulitoa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Kila bendi kubwa ilikuwa na mtindo wake wa kucheza: Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata, Western Jazz walikuwa na Saboso, Atomic Jazz ya Tanga ilikuwa na Kiweke. Msondo na Sikinde mnazijua.

Maana yake nini? Mtu aliyekuwa kijana miaka ya 1960 au 1970 na kupita Tabora, Morogoro au Dar kwa kazi au masomo, huenda anajua kumshika mwenza na kumzungusha bila kumkanyaga. Leo yuko zaidi ya miaka 70, amestaafu, na pengine hakuna aliyewahi kumuuliza. Kila mwaka wanapungua.

Pa kuanzia Singida

Kwanza, nenda kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako, iwe Manispaa, Iramba, Manyoni, Ikungi au Mkalama. Kazi yake ni kuvijua vikundi vya sanaa vya eneo lake. Usimuulize swing, utamchosha bure. Muulize: "Nani hapa anafundisha kucheza wawili, rumba au chacha?"

Pili, uliza kwa watu wa harusi. Mashehereheshaji na waandaaji wa sendofu wanawajua wanaowafundisha maharusi kuingia ukumbini na kufungua muziki. Mtu wa namna hiyo anaweza kukupa wiki mbili tatu za mwanzo: kusimama vizuri, kuhesabu mapigo, kuongoza na kufuata.

Tatu, badilisha maneno unapotafuta mtandaoni. Jaribu "salsa", "rumba", "kizomba" pamoja na "Dodoma" au "Arusha". Dodoma ni takriban kilomita 240 kutoka Singida, safari inayowezekana mara moja kwa mwezi. Ustadi wa kuongoza na kufuata unahama: aliyejifunza salsa hataanza swing kutoka sifuri.

Nne, kama unataka kusomea kabisa, ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981. Huko utapata zaidi ngoma na sanaa za jukwaani kuliko dansi la ukumbini.

Ukikosa darasa, anzisha

Watu sita wanatosha. Tafuta sakafu laini isiyoteleza sana, spika moja ya bluetooth na saa mbili za Jumapili alasiri. Ukumbi mdogo wakati hauna shughuli, darasa baada ya masomo kwa ruhusa ya mkuu wa shule, hata baraza pana la nyumba.

Video pakua mapema mahali penye waifai, usimalize bando. Itazame kwa kasi ya nusu, na chukua hatua moja tu kwa siku. Muziki wa kuanzia usiwe wa haraka. Mapigo 120 hadi 140 kwa dakika yanatosha kwa mgeni.

Badilishaneni wenza kila baada ya dakika chache. Ndivyo madarasa ya swing yanavyofanya duniani, na sababu ni ya kiufundi: ukicheza na mtu mmoja tu unazoea makosa yake. Pia inaondoa maneno, kwani hakuna wa nani.

Mjulisheni mwenyekiti wa mtaa. Siku mkitaka kutoza kiingilio au kutangaza kwa umma, rudini kwa Afisa Utamaduni awaeleze vibali vinavyohitajika.

Suala la heshima

Hapa ndipo vikundi vingi hufia. Katika mji mdogo kila mtu anamjua mwenzake, na kwa wengi neno dansi linakwenda na baa na usiku. Mwanamke akionekana ameshikwa mkono na mtu asiye mume wake, habari inafika nyumbani kabla yake. Gharama hiyo kwa kawaida hailipwi na mwanaume.

Kwa hiyo sheria ziwekwe mapema na zisomwe kwa sauti. Muda ni mchana. Pombe haipo. Kumwomba mtu mcheze ni kwa maneno, si kumvuta mkono. Akisema "asante, napumzika", yameisha, hakuna kuuliza kwa nini. Anayefundisha hasahihishi mwili wa mtu bila kumwomba. Na mlango uwe wazi: mume, mama au dada mkubwa akitaka kuja kutazama, apewe kiti.

Kiti hicho kinaweza kuwapa zaidi ya mtazamaji. Mtu wa miaka 75 aliyekuja kumsindikiza mjukuu akisikia rumba ya zamani, angalieni miguu yake chini ya kiti. Ikianza kutembea, mmepata mwalimu.

Msimwombe kwanza awafundishe, atakataa, atasema amezeeka. Mwulizeni tu: "Mzee, enzi zenu mlikuwa mnacheza wapi?" Kisha ongezeni sauti ya spika kidogo, na mwacheni ajibu.