Tramu, basi au moto: ni kipi kinamsaidia mama mwenye mzigo?



Saa kumi na moja ya asubuhi mama anasimama njia panda, beseni la nyanya kichwani, mtoto mgongoni. Moto inafika upesi, lakini mzigo haukai vizuri na mtoto hana kofia ya kumkinga. Taksi inangoja mpaka ijae. Basi dogo linakuja. Mwenye kupokea pesa anatazama beseni kwanza, halafu anataja bei mbili, ya mama na ya mzigo. Faida ya nyanya inapungua kabla soko halijafunguliwa.

Ndiyo maana tukisikia kwamba mji fulani una tramu, ile treni ya umeme inayopita ndani ya mji, tunatamani. Juma hili tutazame miji iliyojaribu njia mbalimbali.

Tuanze nyumbani. Mwaka 1955 Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, ilipata mabasi 12 ya umeme kutoka Uswisi, yaliyoitwa gyrobus. Hayakuhitaji reli wala nyaya juu ya barabara. Chini ya sakafu kulikuwa na gurudumu zito la chuma. Kituoni umeme ulilizungusha kwa kasi kubwa, na mzunguko huo ndio uliolipa basi nguvu ya kufika kituo kingine cha umeme. Basi moja lilibeba watu karibu 90. Leo watu hao, kila mmoja akipanda ya kwake, wanahitaji moto 90. Lakini mwaka 1959 mabasi hayo yalisimamishwa. Yalikula umeme mwingi, na vyuma vyake viliharibika mara kwa mara. Madereva walikata njia za udongo, na mvua iligeuza njia hizo kuwa matope.

Baadaye mabasi madogo yakaenea Kinshasa. Yale ya Mercedes 207 watu waliyaita « esprit de mort », roho ya kifo. Jina hilo peke yake linasema yote. Mwaka 2013 serikali ilileta mabasi makubwa ya Transco, na wewa, yaani moto za kubeba watu, nazo ziko kila pembe.

Sasa Addis Abeba, Etiopia. Tramu yao ilianza mwaka 2015: njia mbili, kilometa 34 hivi, kwa dola karibu milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa China. Haitoi moshi, inabeba wengi, na haikwami katikati ya magari. Lakini baada ya miaka michache treni nyingi zilisimama kwa kukosa vipuri. Deni halikusimama.

Dar es Salaam, Tanzania, ilichagua basi. Tangu mwaka 2016 mabasi marefu ya mwendokasi yanapita katika njia yao peke yao, kutoka Kimara mpaka Kivukoni. Abiria analipa kituoni kabla ya kupanda, na sakafu ya kituo iko sawa na mlango wa basi, kwa hiyo mama mwenye mtoto hapandi ngazi. Basi likiharibika, lingine linalipita. Hata hivyo karakana yao ya Jangwani ilijengwa bondeni, na mafuriko yaliharibu mabasi. Mafundi na fedha havitoshi ikiwa mahali pamechaguliwa vibaya.

Tunajifunza nini? Tramu ni nzuri pale watu ni wengi sana, umeme haukatiki na vipuri vinapatikana. Basi kubwa lenye njia yake linagharimu kidogo kuliko tramu na linaweza kubadilishiwa njia. Moto inafika mpaka mlangoni, kwenye kilima na kwenye kartiye isiyo na barabara nzuri, lakini hatari yake ni kubwa. Mji unahitaji zaidi ya kimoja.

Wakubwa wakija kutuahidi usafiri mpya, tusipige makofi tu. Tuwaulize: nani atautengeneza ukiharibika? Vipuri vitatoka wapi? Mvua ikinyesha utapita? Na mama mwenye beseni atalipa bei ngapi?

Tukingojea majibu, tusaidiane. Wamama watatu au wanne wa avenyu moja waweza kukodi gari moja kwa mizigo yao na kugawana bei. Tupatane bei ya mzigo kabla haujapakiwa. Na mtoto asipakiwe kwenye moto iliyojaa watu, hata kama shule imekwisha kugonga kengele. Kuchelewa kunasameheka, lakini mtoto akianguka hatuwezi kurudisha saa nyuma.

Tuonane juma lijalo.